UZI: Nimejiwekea lengo la kupiga "Masanga" yote peke yangu kabla ya baba kufikisha miaka 70. Tusemezane kuhusu malengo makubwa ya muziki

nyuzi_sita (Lubumbashi, Katuba), 9 Machi

Jambo wakubwa kwa wadogo.

Nina miaka 34, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na gitaa huu ni mwaka wa tano tangu nilishike. Ukinisikia Jumapili kanisani utasema huyu anajua. Akodi za nyimbo zetu zote ninazo, zile nota zinazopigwa kwa pamoja, ukinipa wimbo ulio katika ufunguo wa sol nauhamishia ufunguo wa la bila kufikiri, na watu wakisimama kucheza sitetereki. Basi mwezi wa kumi na moja mwaka jana baba alinisikiliza nikifanya mazoezi uani, akaniuliza swali moja: "Hilo gitaa lako linaweza kusema peke yake?"

Nilijua anachouliza. Baba alikulia Likasi, wakati mji ungali ukiitwa Jadotville. Kwao kulikuwa na gramafoni, na santuri iliyopigwa mpaka ikaanza kukwaruza ni ya Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya. Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake kunasa muziki, alimrekodi palepale Jadotville, na wimbo uliozunguka dunia ni "Masanga". Mtu mmoja, gitaa moja lisilo la umeme, lakini ukifumba macho unaweza kuapa wako wawili. Gumba linatembea na besi huku chini, na huko juu sauti nyingine ina safari yake.

Nilimjibu baba kwamba linaweza. Nilidanganya, na tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Kwa hiyo lengo langu ni hili. Tarehe 15 Agosti baba anafikisha miaka 70. Siku hiyo nitakaa mbele yake kwenye kiti na kupiga "Masanga" mwanzo mpaka mwisho, kwa kasi ya rekodi, bila mtu wa kupiga pamoja nami.

Nataka niwaeleze kwa nini nimechagua kitu kinachonizidi, maana rafiki zangu wawili wameshaniambia nianze na kidogo.

Miaka yote minne iliyopita nilikuwa na malengo. Mwaka mmoja nilisema nitajifunza nyimbo 20, na nikazifikisha, hata zikapita. Lakini nyimbo 20 zile zote nilizipiga kwa mkono uleule. Mkono wangu wa kulia unajua kufagia nyuzi juu na chini, basi. Gumba langu halijawahi kufanya kazi yake lenyewe, linafuata vidole vingine kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake sokoni. Nilikuwa najua, ila kila wimbo niliouchagua ulikuwa na njia ya kupita pembeni ya kasoro hiyo, na mimi nilipita. Malengo yangu yote niliyafikia na gumba langu lilibaki palepale.

"Masanga" haina njia ya pembeni. Sekunde ya tatu tu gumba lisilojitegemea linakuumbua. Ndiyo maana nimeichukua.

Ninavyofanya tangu Januari:

Wiki sita za kwanza sikugusa wimbo wenyewe. Gumba tu, nyuzi ya sita, ya nne, ya tano, ya nne, na metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo ya kufuata, ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Mke wangu alisema ni kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu. Kuna siku nilifika 80 nikafurahi, kesho yake 66 ikanishinda. Bado sielewi hilo linatoka wapi, anayejua anieleze.

Kisha nikaanza kusikiliza rekodi kwa nusu ya kasi. Programu nyingi za simu zinaweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti. Rekodi za zamani si lazima zikae kwenye nota ya la ya hezi 440 tunayoifuata leo, kwa hiyo ukizikaza nyuzi zako sita, mi la re sol si mi, kwa kipimo cha simu unaweza kukuta wewe na santuri hamkutani. Usihangaike na masikio yako, rekebisha nyuzi zote sita ziifuate rekodi.

Kila Ijumaa najirekodi dakika mbili na sifuti. Na umeme ukikatika naendelea gizani. Giza limenisaidia kuliko nilivyodhani, maana mkono wa kushoto haupati tena jicho la kuuongoza.

Maswali yangu ni mawili. Mnaona lengo hili ni kubwa kupita mtu? Na ikifika Juni nikaona siwezi, nipunguze nini, wimbo au siku? Siku siwezi kuisogeza, baba hazaliwi mara mbili.

---

mama_maestro (Lubumbashi, Kamalondo), 9 Machi

Mwanangu, hongera kwa kusema ukweli juu ya gumba. Watu wengi wa muziki hapa mjini wana gumba lao mahali fulani na hawalitaji.

Mimi naongoza korale ya kanisa, watu 24 wakija wote, na wanaume wa sauti ya juu, yaani tena, ni wawili tu. Nilikua na solfa ya herufi, do ni d, re ni r, kama wazee wetu Waprotestanti walivyofundishwa. Nilipofikisha miaka 50 nilijiwekea lengo la kusoma nota kwenye mistari mitano na kuimbisha "Aleluya" ya Handel kwa sauti zote nne siku ya Pasaka. Lengo kubwa kama lako.

Pasaka ilifika hatujawa tayari. Nikueleze kilichotokea, labda kitakufaa.

Wimbo ule uko katika re meja, na kuna pale soprano wanaposhika nota ndefu, wanapanda ngazi moja, wanashika tena, wanapanda tena, huku sauti nyingine zote zikipiga kelele za shangwe chini yao. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kila repetisyo, yaani mazoezi ya korale, nilikuwa nakimbilia hapo, saa nzima, mara tatu kwa wiki. Mabinti wakapoteza sauti. Wawili wakaacha kuja, na mmoja wao aliniambia usoni: "Maestro, hii si korale tena, ni mashindano yako." Nililia nyumbani. Alikuwa na haki. Lengo lilikuwa langu, koo zilikuwa zao, na sikuwa nimewauliza.

Baada ya Pasaka nilikaa nao tukazungumza. Nikawauliza kama tuache. Hawakutaka kuacha! Walichotaka ni kujua tunafika lini na kwa njia gani. Tukaanza upya kutokea mwisho. Ukurasa wa mwisho kwanza, mpaka ukaingia damuni, kisha wa kabla yake, kisha wa kabla yake. Ukijifunza hivyo, kila ukiimba unaelekea pale unapopajua, na hofu inapungua kadiri wimbo unavyoendelea. Kwa kawaida huwa kinyume, mwanzo tunaujua sana na mwisho tunaufikia tukihema. Tena wangu wawili walisimama vizuri kwa mara ya kwanza.

Tuliuimba Pentekoste, wiki saba baada ya siku niliyoipanga.

Kwa hiyo jibu langu la swali la pili: usipunguze wimbo wala siku sasa hivi. Jaribu kuanzia mwisho. Na muulize mkeo, maana hodi hizo zinabishwa nyumbani kwake.

---

kinanda_kadutu (Bukavu), 10 Machi

Yaya nyuzi_sita, mimi nina maoni tofauti na nayasema kwa heshima.

Malengo makubwa yaliniua. Nilianza kinanda nikiwa na miaka 19, nikaandika ukutani kwamba baada ya mwaka mmoja nitapiga kama wale wapigaji wa jazi ninaowaona kwenye video. Kinanda chenyewe ni cha kanisa, nakipata jioni tatu kwa wiki. Nilinunua mega za intaneti, nikatazama masomo saa tatu kwa siku, nikapiga dakika ishirini. Kila nilipotazama mtu anayejua nilijiona niko mbali zaidi. Mwaka ukaisha, nikafuta maandishi ya ukutani kwa aibu, na sasa ni miezi minne sijagusa.

Wewe una miaka mitano mkononi. Sisi tulioanza tungeambiwa tuweke malengo madogo tukabaki na furaha.

---

nyuzi_sita, 10 Machi

Mdogo wangu, aksanti kwa kuandika, najua si rahisi.

Sikubishii kwamba uliumia. Lakini ngoja nikuulize, lengo lako lilikuwa wimbo gani? "Kupiga kama fulani" huwezi kuamka asubuhi ukajua umebakiza kiasi gani. Mimi pia mwaka wa kwanza niliandika "kujua gitaa vizuri", na sentensi hiyo haikuwahi kuniambia jioni ya leo nishike kidole gani.

Ninachoamini, na mnirudi nikikosea, ni kwamba ukubwa hauna kosa. Lengo likiwa wimbo mmoja, una mwanzo na mwisho wake na kuna mtu atakayekaa kuusikiliza, hata likikuzidi mara kumi litakupa kazi ya usiku huu. La kwako lilikupa video.

Chagua kitu kimoja chenye vipimo vinane tu, yaani vile vipande vidogo vya mapigo vinavyougawa wimbo. Vinane! Lakini kiwe kile ambacho mkono wako wa kushoto unakikwepa.

---

mama_maestro, 11 Machi

Kijana wa Kadutu, na kinanda cha kuazima kisikukatishe tamaa. Kinshasa mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha orkestra ya simfonia ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika violini. Vyombo vilikuwa vichache kuliko wapigaji, wakawa wanapokezana. Watu haohao walifika mahali pa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na kwaya ikaimba kwa Kijerumani.

Nawataja kwa sababu moja. Hakuna aliyewaambia waanze na Beethoven mdogo kwanza. Ila walikuwa na siku za kukutana, na aliyeshika violini alijua kuna mwenzake anaisubiri.

---

kinanda_kadutu, 11 Machi

Mama, hilo la mwenzake anaisubiri limenigusa. Mimi nilikuwa peke yangu na simu.

---

gumba_na_shahada (Likasi), 2 Mei

Nimechelewa kuuona uzi huu, mtoto wangu mmoja ndiye amenisomea. Nina miaka 71. Nimepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, tangu utoto, katika kambi za wafanyakazi wa mgodi, ambako kijana akipata mshahara wa kwanza alinunua baiskeli au gitaa.

Kijana wangu nyuzi_sita, nimesikiliza ile rekodi uliyoweka hapa mwezi wa nne. Gumba linakuja vizuri. Lakini huko juu unapiga kwa vidole vingapi? Nasikia vitatu. Nasikia nota laini, za kufuatana, kama maji ya bomba. Hivyo ndivyo wanavyofundisha kwenye intaneti, na kwa muziki mwingine ni sawa kabisa. Mwenda alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Viwili. Kidole kimoja kikilazimika kufanya kazi yote ya juu, kila nota inapata uzito wake na kuna ka-pengo kadogo kati ya moja na nyingine, na katika pengo hilo ndimo mchezo unamokaa. Ukigawa kwa vidole vitatu unaziba pengo. Nota zitakuwa sahihi zote na wimbo hautakuwepo.

La pili. Umeandika mahali kwamba siku hizi unafanya saa mbili mfululizo na kifundo cha mkono kinauma. Ncha za vidole kuuma ni sugu inaota, vumilia. Kifundo au mkono wa mbele kuuma ni kano zinalalamika, na wewe mchana kutwa umeshika mashine ya kuchomelea. Acha siku hiyohiyo. Rudi na dakika ishirini, pumzika, ishirini nyingine. Nilimfahamu mpigaji aliyesukuma maumivu ya namna hiyo kwa sababu ya harusi moja, akakaa mwaka mzima bila gitaa.

La tatu ni kasi. Umejifunga na kasi ya rekodi kana kwamba ndiyo wimbo. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22 siku ile, vidole vya miaka 22. Kasi iache ije mwisho, ikija.

Na juu ya huyu Mwenda mjue hakukaa tu hapa. Mwaka 1969 alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari Zambia. Sijui kama watoto wa Katanga wa leo wanafundishwa hilo. Wewe unayelia na gumba lako unafanya kazi kubwa kuliko sherehe ya baba yako.

---

nyuzi_sita, 3 Mei

Mzee, nimesoma ujumbe wako mara nne.

Nimejaribu jana usiku kwa vidole viwili. Sehemu niliyokuwa napiga kwa mapigo 84 sasa inanishinda kwa 50. Ni kama nimerudi Januari, na zimebaki wiki kumi na tano.

Lakini nilipofika 46, polepole mno, mke wangu alitoka jikoni na sombe mikononi akasema, "Hiyo ndiyo ile ya baba." Miezi minne hajawahi kusema hivyo.

Kifundo nimekipumzisha siku tatu kuanzia leo. Sasa nawauliza wote kwa dhati: niendelee na vidole vitatu nimalize wimbo wote Agosti, au nianze upya na viwili nikijua sitaumaliza?

---

mama_maestro, 3 Mei

Viwili. Baba yako hakukuuliza kama utamaliza. Aliuliza kama gitaa linaweza kusema.

---

kinanda_kadutu, 4 Mei

Mimi nasema amalize wote kwa vitatu, halafu baada ya sherehe arekebishe. Mzee wa miaka 70 anataka kusikia wimbo wake ufike mwisho. Samahani Mama, samahani Mzee.

---

gumba_na_shahada, 4 Mei

Usiombe samahani, umesema neno la mtu anayempenda baba wa mwenzake. Lakini mkono uliozoeshwa njia mbaya kwa miezi saba unadai miezi saba mingine kuusahaulisha.

---

ngoma_buhene (Goma), 6 Mei

Naingia kwa sababu ya ka-pengo ka Mzee.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, tuliondoka Buhene na watoto na magodoro. Gitaa lilibaki ndani, na nyumba haikuwepo tena tuliporudi. Nilikaa mwaka na nusu bila chombo. Kabla ya hapo nilikuwa na lengo la kupiga mi-solo, gitaa la katikati, kwenye bendi ya rumba, na nilikuwa nashindwa kila mara pale gitaa la akompa (la kusindikiza), la solo (la kuongoza) na la mi-solo yanapoingiliana. Nilikuwa nawafuata wengine badala ya kushika langu.

Bila gitaa nilibaki na mikono na meza. Nikaamua lengo libaki lilelile, nilifanyie kazi kwa nilichonacho. Jaribuni hili: hesabu moja mpaka sita mfululizo, usisimame. Mkono wa kulia upige kwenye 1, 3 na 5. Mkono wa kushoto upige kwenye 1 na 4. Ni tatu juu ya mbili, na sehemu kubwa ya muziki wetu imejengwa humo. Siku za mwanzo mikono itataka kupiga pamoja. Sema kwa mdomo mkono mmoja tu huku mikono yote ikipiga, kisha hamia mkono wa pili. Ukiweza kuzungumza na mtoto wako huku mikono inaendelea, umefika.

Nilichukua miezi mitatu. Nilipopata gitaa la kuazima, vidole vilikuwa vimelegea na sugu zimeisha, lakini bendini niliingia siku ya kwanza na hakuna aliyenivuta.

Kaka nyuzi_sita, siku hizi za kupumzisha kifundo si za bure. Gumba lako liwe mkono wa kushoto, shahada iwe wa kulia, na meza unayo.

---

nyuzi_sita, 6 Mei

Kaka wa Goma, pole sana kwa nyumba. Aksanti. Nimeanza leo saa ya chakula karakanani, juu ya bati. Vijana wa kazi wananiangalia na wawili wameshajiunga.

Nimeamua. Vidole viwili. Na kama Mama alivyosema, nitaanzia sehemu ya mwisho.

---

nyuzi_sita, 17 Agosti

Nimerudi kuwapa habari. Niliandika kwa simu usiku wa tarehe 15 nikafuta, nilikuwa na furaha mno kuweza kueleza vizuri.

Watu walikuwa wengi uani, bukari na samaki, watoto wanakimbia. Saa kumi jioni mama akawanyamazisha. Niliweka kiti mbele ya baba kama nilivyopanga.

Sikupiga wimbo wote. Nilipiga mwanzo, mzunguko wa kwanza, nikaruka ile sehemu ya katikati ambayo bado inanishinda, nikaingia mwisho. Kwa vidole viwili. Kasi ilikuwa kama robo tatu ya rekodi. Nilijikwaa mara moja wazi na mara ya pili ambayo pengo la Mzee lilinificha. Gumba halikusimama hata mara moja, hata pale shahada ilipopotea. Lilinisubiri, nikarudi juu yake.

Baba hakupiga makofi. Alikuwa ameinama anaangalia mkono wangu wa kulia. Nilipomaliza akasema, "Rudia, lakini chini tu." Nikarudia besi peke yake, nyuzi ya sita, ya nne, ya tano, ya nne. Na yeye akaanza kuimba sauti ya juu kwa mdomo, ile ya kidole cha shahada, na akaimba mpaka ile sehemu ya katikati niliyoiruka. Anayo yote kichwani tangu gramafoni ya Likasi. Sikuwahi kujua. Miaka 34 ninakaa na mtu aliye na wimbo wote, na mimi nilikuwa nautafuta kwa simu kwa nusu ya kasi.

Sehemu ya katikati nilikuwa naisikia vibaya, kwa jinsi alivyoiimba kuna nota mbili ambazo nilikuwa nafikiri ni za juu kumbe ni za gumba. Ndiyo maana vidole havikutosha!

Usiku wageni walipoondoka aliniuliza, "Sasa ile ya katikati, lini?" Nikamwambia Noeli. Akasema basi Jumamosi niende na gitaa, aimbe.

---

gumba_na_shahada, 17 Agosti

Nota mbili hizo ni kweli za gumba. Nilingoja uzione mwenyewe. Mwambie baba yako kuna mzee Likasi anamsalimu sana, na huenda kambini kwao tulipitana.

---

mama_maestro, 18 Agosti

Nimesoma kwa sauti mbele ya korale jana jioni. Soprano mmoja ameuliza kama baba yako angekubali kuimbiwa.

---

kinanda_kadutu, 18 Agosti

Yaya, nilikuwa nimekosea juu ya vidole vitatu.

Sikuwaambia, lakini tangu Mei nimerudi kanisani. Nimechagua vipimo vinane. Mkono wa kushoto unatembea peke yake, ndio niliokuwa naukwepa. Kuna binti wa korale anayepanga zamu na mimi, yeye saa kumi na moja, mimi saa kumi na mbili, na tunasikilizana dakika tano za kubadilishana. Niko mapigo 58 na tumepanga nipige Jumapili ya kwanza ya Oktoba wakati wa sadaka. Kipimo cha sita bado kinaanguka.

---

nyuzi_sita, 18 Agosti

Kipimo cha sita kinaanguka wapi, kwenye kuvuka kidole au kwenye kuruka? Jirekodi leo, mkono wa kushoto tu, polepole, uweke hapa. Tutakisikiliza sote.